KOKOTO KATIKA BREKI

Wanachama wenye gari, na wanachama wasio na gari ambao karafuu zao huchukuliwa na gari za wenzao, twataka kusema nanyi juu ya jambo dogo ambalo limetuletea maswali mengi ofisini. Gari inakwenda vizuri, mara gurudumu moja linaanza kulia kwa ukali, kama mtu anayeparura debe kwa msumari. Abiria wanashituka. Mwenye gari anakwenda kwa fundi akaambiwa breki zote zimekwisha. Au haendi kabisa, kwa kuwa jirani amemwambia kwamba hiyo ni kokoto tu, itatoka yenyewe. Huyu wa kwanza pengine amepoteza fedha zake bure. Huyu wa pili pengine atapoteza kitu kilicho zaidi ya fedha.

Nasi tusingeliandika kwa urefu namna hii lau si safari ya mwaka jana, Kamati ilipotutuma watu wawili kwenda Sumbawanga, mkoani Rukwa, kuulizia bei za mahindi, maharage na mchele kwa ajili ya ghala la chakula cha wachumaji. Habari za bei zimekwisha somwa mkutanoni. Hapa twaeleza habari za gari.

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi ya huko si ya mtu aliyezoea Wete. Barabara ya kutoka Tunduma hadi hapo mjini ni ya lami, na iko habari yake ambayo wengi wetu hatukuijua: fedha zilizoitengeneza zilitoka katika mkataba ule ule baina ya Marekani na Tanzania, uliotiwa saini mwezi wa Februari 2008, wa dola milioni 698, ambao pia ulitengeneza barabara za vijijini hapa Pemba. Basi barabara yao na hizo za kwetu ni ndugu wa karatasi moja. Lakini ukiiacha lami ukaelekea kingoni mwa uwanda, mambo ni mengine. Upande wa magharibi nchi inashuka kwenda Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kiasi cha mita 770 juu ya bahari. Upande wa mashariki inashuka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, mita 800 hivi. Yaani mtu anayetoka juu kwenda chini hushuka kiasi cha mita 1,000, na kisiwa chetu hakina kilima kinachofika hata mita 150.

Siku ya tatu tulipanga kushuka Muze, katika bonde hilo la Rukwa, kutazama mpunga. Tulikodi gari kwa dereva mwenyeji, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Mpaka Ntendo hapakuwa na neno. Baada ya hapo tulikwenda juu ya changarawe nyekundu yenye vijiwe vyeupe vinavyometa, na kabla hatujafika penye mteremko gurudumu la mbele la kulia likapiga ukelele. Mwenzetu aliyeketi mbele, ambaye ni mtu mzima na hapendi kuchelewa, akasema, "Bwana dereva, hiyo ni kokoto. Twende tu, watu wanatungoja."

"Hapana, mzee," akajibu. "Hapa penye tambarare nitaisikiliza. Kule chini haitanipa nafasi ya kuisikiliza."

Akasimama, akatuteremsha, akatazama nyuma kama hapana mtu, kisha akairudisha gari kinyumenyume taratibu, hatua kumi hivi, akaenda mbele tena. Kikaanguka kijiwe kisichozidi punje ya hindi, na kelele ikakoma pale pale. Kijana mmoja tuliyempa nafasi njiani akafanya mzaha: jina la Sumbawanga watu hulieleza kwa maana ya "tupa uchawi", naye akasema basi uchawi wenyewe ndio huo umetupwa barabarani. Sote tukacheka, tukashika milango ili tupande.

Dereva hakupanda. Alitoa jeki, akaweka mawe mawili makubwa nyuma ya magurudumu, akalifungua gurudumu la kulia akatazama, kisha akalifungua na la kushoto, ambalo halikuwa limetoa sauti yoyote. Upande wa kulia pedi zilikuwa nzima. Upande wa kushoto pedi ya ndani ilikuwa imelika mpaka imebaki unene wa sarafu. Hatukushuka siku ile. Tulirudi mjini polepole, zikanunuliwa pedi mpya za pande zote mbili, na Muze tukaenda kesho yake. Mwenzetu hakusema tena juu ya kuchelewa.

Sasa tueleze jinsi kokoto inavyoingia. Gari nyingi za siku hizi zina breki za sahani katika magurudumu ya mbele, na nyingine hata ya nyuma. Sahani hiyo, ambayo mafundi huiita diski, ni ya chuma, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, pedi mbili huibana sahani hiyo huku na huku kama koleo. Nyuma ya sahani, upande wa ndani wa gari, kuna bati jembamba la mviringo lililowekwa ili kukinga matope na maji. Bati halizunguki. Baina yake na sahani pana nafasi ya milimita chache tu, na hapo ndipo penye kisa chetu.

Tairi hubeba vijiwe katika mistari yake na kuvirusha. Vingi huanguka, lakini kimoja katika elfu huruka juu kikapita penye uwazi wa bati, au huingia pamoja na tope, na tope likikauka usiku hubaki mle kama punje ndani ya udongo. Sahani ikizunguka hukivuta kijiwe mpaka mahali penye wembamba, nacho hukaa hapo kama kabari. Upande mmoja kinakwaruza sahani inayokwenda, upande wa pili kinatetemesha bati lisilokwenda. Bati jembamba hulia kama debe. Ndiyo sababu kelele ni kubwa kuliko madhara: kinacholia zaidi ni bati, na bati si breki.

Na hii ndiyo sababu ya kurudi nyuma. Kabari iliyokazwa kwa kwenda mbele hulegezwa kwa kwenda nyuma. Mara nyingi hatua chache hutosha. Lakini fanyeni hivyo mahali tambarare, na mtu mmoja asimame kando kuangalia watoto na wapita njia. Mtu asirudi kinyumenyume mlimani kwa ajili ya kokoto.

Haidhuru kusema neno juu ya mawe yenyewe, kwani si yote sawa. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, ambacho huanzia 1 hadi 10, jiwe la chokaa la matumbawe kama lililo kwetu ni la 3 hivi. Lile jiwe jeupe linalometa la Ufipa, ambalo wataalamu huliita kwatzi, ni la 7. Chuma cha sahani kiko baina yao. Kwa hiyo jiwe letu likiingia husagika likawa unga, na kelele hukoma baada ya maili moja au mbili, ila jiwe lao huchora sahani. Wafipa ni watu wa chuma tangu zamani. Walikuwa wakikiyeyusha katika matanuru marefu ya udongo, ambayo kwa lugha yao tanuru moja huitwa ilungu, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Dereva wetu alijua vizuri kwamba jiwe la kwao hushinda chuma. Nasi tusijisahau, maana kokoto za barabara mpya si za matumbawe, na barabara iliyomwagwa lami na kokoto juu yake, siku za mwanzo kabla hazijashikana, ndiyo hurusha vijiwe vingi kupita zote. Siku hizo nendeni polepole, na msiifuate gari ya mbele kwa karibu.

Tuje kwenye jambo kubwa, nalo ni kuijua sauti ya kokoto na sauti ya pedi iliyokwisha, kwa sababu zote mbili ni chuma kikilia, na masikio ya mtu mwenye haraka huchagua ile anayoipenda.

Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi wa kitu cha kusugulia, mbali na chuma chake cha mgongoni. Ikifika milimita 3 yafaa kubadilishwa. Katika pedi nyingi watengenezaji wametia ulimi mdogo wa chuma, ambao pedi ikipungua hugusa sahani na kupiga mlio mwembamba. Huo ni mlio wa makusudi, kama adhana ya kumwamsha aliyelala. Lakini pedi za bei rahisi nyingi hazina ulimi huo, na wakati mwingine pedi ya nje ndiyo yenye ulimi ilhali ya ndani, isiyoonekana, ndiyo inayolika upesi. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile gari ya Sumbawanga, na ndiyo maana gurudumu lililokuwa na hatari lilikaa kimya na lile lisilo na hatari likapiga kelele.

Basi kokoto iliyo baina ya bati na sahani huanza ghafula, mara nyingi baada ya kupita penye changarawe au tope. Hulia kwa kufuata mwendo wa gurudumu, na ukikanyaga breki kwa kawaida haibadiliki sana. Sauti ya pedi huanza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na breki huibadilisha: hutokea unapokanyaga, au hukoma unapokanyaga, au huwa nzito. Ikifika ule mkwaruzo mzito wa chuma juu ya chuma kila unapofunga breki, pedi imekwisha kabisa na sasa mgongo wake ndio unaokula sahani. Hapo gari isiende popote ila kwa fundi, tena kwa kukokotwa.

Iko sauti ya tatu, ya beringi ya gurudumu. Hii si ukelele bali ni mvumo, kama jiwe la kusagia, nao huongezeka kwa mwendo na hubadilika katika kona kwa kuwa uzito wa gari huhamia upande mmoja. Kokoto nayo pengine hubadilika katika kona, kwa hiyo msitegemee alama moja tu. Tazameni pamoja: imeanza lini, breki inaigeuza namna gani, inavuma au inapiga ukelele.

Na ikiwa gari inavutwa upande mmoja unapofunga breki, au kanyagio limekuwa laini au linashuka chini kuliko jana, au pana harufu ya kuungua, au gurudumu moja lina moto kuliko wenzake, msitafute kokoto. Hayo si ya kokoto. Moto huo upimeni kwa kuweka kiganja karibu na ringi, msiiguse.

Kokoto ikikataa kutoka kwa kurudi nyuma, kazi yake si kubwa. Gari iwe tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe. Legezeni nati kabla ya kuinua, kisha inueni kwa jeki na kulifungua gurudumu. Sahani iacheni ipoe. Ingizeni bisibisi bapa baina ya bati na sahani, mlisogeze bati nyuma kidogo, kidogo sana, na kijiwe kitaanguka. Mkimaliza lizungusheni gurudumu kwa mkono msikilize, na nati zikazwe kwa zamu za kukabiliana, kisha zikazwe tena gari ikiwa chini. Wako mafundi ambao hulikata bati lote wakalitupa, wakasema sasa hutasikia kelele tena. Ni kweli hutaisikia. Lakini matope yatakuwa yakiingia moja kwa moja kwenye sahani na pedi, na moto wa sahani utaipiga mipira iliyo nyuma yake. Sisi twaona huko ni kumtibu mwenye kikohozi kwa kumziba mdomo.

Kwetu visiwani lipo jambo la zaidi, nalo ni chumvi. Hewa ya bahari hulila bati hilo mapema, likapinda au kutoboka, likagusa sahani lenyewe bila ya kokoto yoyote. Mwenye gari akiona anatafuta kijiwe kila wiki na hakioni, na alitazame bati. Kwa gari zenye breki za ngoma nyuma, yaani zile zilizofungika pande zote, kijiwe huingia kwa nadra, ila kikiingia hakitoki kwa kurudi nyuma. Lazima ngoma ifunguliwe. Pikipiki sahani zake ziko wazi na kijiwe huanguka chenyewe, kwa hiyo wenye pikipiki hawana haja ya kuumiza kichwa.

Tumeulizwa kwa nini dereva yule alikataa kushuka na pedi moja nyembamba wakati pedi tatu nyingine zilikuwa nzima. Jibu ni moto. Gari ya tani 2 ikishuka mita 1,000, nguvu yote ya kushuka kwake lazima iende mahali. Kama ingeachiwa breki peke yake, moto huo ungetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya kawaida mpaka yatokote. Fikirini madumu mawili na nusu ya maji yakitokota, na moto wote huo uko katika sahani za chuma zisizozidi upana wa sinia ndogo. Pedi nyembamba haina kitu cha kuuzuia, hivyo moto hupita mgongoni ukafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini hunywa unyevu wa hewa kila mwaka, na yakishakunywa huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama mpira. Dereva anakanyaga, kanyagio linashuka mpaka chini, na gari haijali. Ndiyo maana wanaojua milima hushuka kwa gia ile ile ambayo wangepandia, injini ikizuia, na breki wanaigusa kwa muda tu kisha wanaiachia. Wale wanaoteremka kwa gia huru ili kuokoa petroli wanauza roho kwa kikombe kimoja cha mafuta. Na anayezima injini kabisa ni zaidi, maana msaada wa breki hutoka kwenye injini. Ikizimwa, baada ya kukanyaga mara chache kanyagio huwa gumu kama jiwe.

Tuliona pia chini ya mteremko lori limesimama na utingo anamwagia magurudumu maji ya mtoni mpaka mvuke unapaa. Tafadhalini msiige. Chuma chenye moto mwingi kikipigwa na maji baridi hupinda au hupasuka. Kiacheni kipoe kwa upepo.

Mtasema Pemba haina mteremko wa Muze. Ni kweli, ila yule dereva alikuwa na watu wanne ndani ya gari. Nyinyi siku za uchumaji mna wachumaji kumi na wanane nyuma, na magunia, na pakacha za makonyo, na mtoto amekaa juu ya gunia, mnapanda na kushuka vilima vifupi vifupi tangu alfajiri mpaka magharibi, na breki hazipati nafasi ya kupoa baina ya kilima na kilima. Na mteremko wa kuingia bandarini Mkoani hauna upana wa kukwepea mtu.

Kwa fundi, ombeni kuonyeshwa. Akikwambia pedi zimekwisha, mwambie afungue gurudumu mbele yako na akuonyeshe pedi ya nje na ya ndani. Fundi mwaminifu hachukii kuombwa hivyo. Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja, kwa hiyo anayesema abadilishe pande zote mbili hakuibii. Anayetaka kubadilisha sahani kwa sababu ya mchoro mmoja mwembamba wa kokoto, huyo mwulizeni zaidi. Mchoro ambao ukucha unapita bila kukwama si sababu ya kununua sahani.

Kamati imekwisha kata shauri kwamba msimu huu gari haitapewa barua ya kuchukua karafuu za Chama mpaka pedi zake zionekane kwa macho. Ukaguzi utafanywa katika uwanja wa ghala kabla ya kuanza uchumaji, bila ya malipo. Kila mwenye gari aje na jeki yake, spana ya nati za magurudumu, na mawe mawili ya kuzuilia, hayo yawe makubwa. Wenye gari za abiria zinazobeba wachumaji waje asubuhi, wenye pikapu baada ya adhuhuri. Wachumaji nao wanaruhusiwa kuja kutazama gari watakazopanda. Siku yenyewe itabandikwa ubaoni ofisini na kutangazwa baada ya sala ya Ijumaa.

Katibu wa Chama